Ijumaa za Mzee wa Viti

Ukiniuliza kama yule mtu alikuwa mwizi, nitakuambia kwanza utafute mahali pa kukaa, maana jibu langu ni refu na mwisho wake hata mimi siujui. Nimewahi kusimama mbele za watu nikapiga kelele kwamba ni mwizi. Dakika chache baadaye, mbele za watu walewale, nikasema asiguswe. Mara zote mbili nilikuwa namaanisha.

Tulimwita Mzee wa Viti. Jina alilopewa na wazazi wake halikujulikana Laini Saba, mtaani kwetu Nairobi, na kwao hatukupajua pia, ingawa kila mtu alikuwa na hakika napo. Alipoongea na mama yangu alizungumza Kikamba cha Kitui, kile cha ndani kabisa, mpaka Mama akaanza kumtajia vilima vya kwao. Akiwa na mwanamke aliyekaanga samaki jirani yake aliongea Kijaluo, na huyo mwanamke aliapa kuwa ni mtu wa kwao, tena wa ziwani. Mimi siku moja nilimsikia akiutukana msumari kwa Kiluhya. Tukimwuliza alisema fundi ni wa pale mbao zake zilipo, kisha akarudi kwa randa yake.

Kibanda chake kilikuwa kando ya reli, mabati machache juu ya nguzo nne, na kazi nyingi aliifanyia nje, karibu na reli kiasi kwamba treni ikipiga honi ilibidi asogeze sofa za watu. Alikuwa mrefu, amepinda kidogo mabegani, na alivaa koti la kijivu la karani lililojaa vumbi la mbao mpaka mifukoni. Nyuma ya sikio alikuwa na penseli. Kwa miaka yote niliyomjua sikumwona akiandika nayo hata herufi moja.

Wala sikuwahi kumwona ameketi. Alikula githeri yake, mahindi na maharagwe, akiwa amesimama, ameegemea nguzo, sufuria mkononi. Chai alikunywa akitembea kati ya fremu za makochi ambayo hayajavishwa kitambaa, akiyagusagusa. Mtu angemwambia, mzee, si ukae, viti vyote hivi? Naye angevitazama viti vyote hivyo na kusema kila kimoja kina mwenyewe.

Hilo la kila kimoja kuwa na mwenyewe ndilo lililotuchanganya, kwa sababu hakuna aliyekuwa anapata chake.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Unaenda, unaeleza unachotaka, anakupima, unalipa deposit, ile pesa ya kuanzia kazi, halafu anakuambia, “Ijumaa.” Haambii mtu Ijumaa ipi. Unarudi Ijumaa unakuta fremu. Unarudi Ijumaa nyingine unakuta ile fremu imekuwa kitanda cha mtu mwingine. Watu wa Lindi, mtaa wa jirani, walikuwa na mzaha, kwamba fulani ameenda safari na atarudi Ijumaa ya Mzee wa Viti, maana yake harudi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na wengi wetu tuliumia matumbo miezi.

Ukienda kugombana naye ndipo unapopotea njia. Wafanyabiashara wengine ukiwafokea watakufokea, au watajificha, au watazima simu. Yeye alikubaliana nawe. Alikubali kuliko ulivyotaka. Kulikuwa na jamaa wa Lindi, muuza viatu vya mitumba, aliyengoja meza mpaka akachoka. Akaenda pale amefura, na Mzee wa Viti akamsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema, “Mimi ningekuwa wewe, ningekuja na polisi.”  Kwa hasira jamaa akachukua randa, ile randa nzuri yenye mpini mweusi, akasema atakaa nayo mpaka meza iishe. Mzee wa Viti akasema hiyo ni haki kabisa, akamfungia randa kwenye gazeti isimkate. Baada ya siku tatu akaenda mpaka kwa yule jamaa na kumwomba amwazime randa kidogo, kwa sababu amefika mahali pa kulainisha meza yake. Jamaa akampa. Alipotusimulia alikuwa bado anajikuna kichwa, akituuliza angefanya nini.

Tulimpeleka kwa mzee wa kijiji. Mzee wa kijiji akasikiliza wateja sita, kisha akakohoa na kutwambia kuwa yeye mwenyewe ni wa saba, anangoja kabati.

Angekuwa fundi mbaya tungeshamsahau. Lakini kitu kikitoka mkononi mwake, siku ya kutoka, kilikuwa kitu. Benchi za kibanda cha chai pale juu ni zake, wamezikalia watu wazito na wepesi, mvua na jua, na hakuna hata moja inayocheza. Mwenye hoteli moja hupanda juu ya meza zake kubadilisha balbu. Kwa hiyo ukitaka kuondoka uende kwa fundi mwingine, unazikumbuka zile benchi, unasema acha ningoje Ijumaa moja zaidi.

Mimi ni fundi wa nguo. Nashona sare za shule mlangoni kwangu Lindi, na kazi yangu najua ilivyo. Mtoto akija nampima kwa tepu, naandika kwenye daftari, natoa siku, na nikichelewa napunguza bei na kuomba msamaha. Kwa hiyo nilimdharau mapema sana, kwa sababu ya nyuzi zake.

Alipima watu kwa uzi wa katani. Akitaka kukutengenezea kiti, anakata uzi, anaushusha kutoka nyuma ya goti lako mpaka kisigino, anapiga fundo. Anaupitisha kiunoni, fundo. Mgongoni, fundo. Kisha anautundika kwenye msumari ukutani, pamoja na nyuzi nyingine arobaini au hamsini zinazofanana kabisa, bila jina, bila rangi, bila chochote. Nikamwuliza atajuaje wa nani. Akasema anajua. Nikamwambia mimi hutumia tepu, ina namba, haikosei. Akaishika ile tepu yangu, akaikunjua, akaitazama kwa adabu.

“Hii inajua urefu,” akasema. “Uzi unamjua mtu.”

Nilimsonya. Leo nisingemsonya, lakini pia sijui kama ningemwamini.

Kulikuwa na desturi yake nyingine, na hii ndiyo iliyoichafua mitaa yote. Mteja akizidi kulalamika, hakumrudishia pesa. Alimpa kiti cha mtu mwingine. Alikiita cha kushikilia: chukua hiki ushikilie wakati chako kinakuja. Basi unarudi nyumbani na kochi zuri la kijani, unafurahi, unaita majirani, na baada ya wiki mbili anakuja na mkokoteni kukichukua, kwa kuwa mwenye kochi la kijani naye ameanza kupiga kelele. Nakwambia, kuna wakati kuanzia Laini Saba mpaka Kianda nusu ya watu walikuwa wamekalia mali ya nusu nyingine. Ungeenda kumtembelea mtu ukaitambua stuli yako. Watu walikosana. Na ukimkabili alikuwa na msemo mmoja tu, aliousema taratibu huku akifuta mbao kwa mkono: “Kiti ni cha aliyechoka.”

Nilikuwa nimeapa kwamba mimi pesa yangu haitaingia kwenye lile koti la kijivu. Kisha Mama akaja kutoka Kitui.

Mama alikuwa ameanguka shambani na nyonga yake haikupona sawasawa. Chumba changu kilikuwa na kitanda, cherehani, na sofa ya zamani iliyozama katikati. Mama akikaa kwenye ile sofa ilimmeza. Kuinuka ilibidi niache cherehani, nije nimshike kwapani, nimvute, naye alipovutwa alifunga macho. Mama yangu alilima peke yake, alizika mume peke yake, alibeba mitungi ya maji mpaka uzeeni. Kuvutwa kutoka kwenye sofa na binti yake mbele ya wateja kulimwua kidogo kidogo.

Nilichelewa kuona alichokuwa anafanya. Alikuwa ameacha kunywa chai. Huyu ni mtu wa vikombe vitatu asubuhi, ya maziwa, yenye sukari ya kutosha, na sasa alikuwa anachovya midomo tu na kukiweka kikombe chini. Nilidhani ni ugonjwa. Siku moja nikamlazimisha anywe, akaniambia kwa ukali kwamba akinywa atataka choo, na akitaka choo lazima aniite, na amechoka kuita.

“Nataka kiti cha kuinuka mwenyewe,” akasema. “Hicho tu.”

Akatoa pesa aliyokuwa ameifunga kwenye kitambaa, ya mbuzi wake wa mwisho aliyemwuza kabla ya kupanda basi. Akasema kiti kitengenezwe na yule mtu wa Kitui pale relini. Nikamwambia huyo si mtu wa Kitui, huyo si mtu wa popote, huyo anakula deposit za watu. Nikamweleza yote, meza, kabati, randa. Mama akanisikiliza, akaniuliza kama zile benchi ni zake kweli. Nikasema ndiyo. Akasema basi niite boda boda.

Mzee wa Viti alimpima Mama akiwa amepiga magoti kwenye vumbi la mbao. Alimvua kiatu. Alikishika kisigino chake kwenye kiganja kama anayepima uzito wa yai, akakaa hivyo muda. Kisha akamwomba ainuke kutoka kwenye benchi, akae tena, ainuke tena, na hakumsaidia. Mimi nilitaka kumrukia. Mama alijisukuma kwa mkono wa kushoto, akatetemeka, akainuka. Mzee wa Viti akapiga fundo la nne, fundo ambalo sikuwahi kuona akilipiga kwa mtu yeyote. Nikauliza la nini. Akasema la mkono.

“Ijumaa,” akasema.

Mama akashukuru. Mimi nikahesabu Ijumaa hizo mpaka nikaacha.

Lakini alituletea cha kushikilia, na hapa ndipo ninapochanganyikiwa zaidi, kwa kuwa ukweli ni kwamba Mama alianza kunywa chai tena. Cha kwanza kilikuwa kiti kirefu cha mbao kilichokuwa cha mwalimu mmoja wa kike wa Kianda. Hakikuwa na mikono, lakini kilikuwa na urefu, na Mama akishika ukingo wa meza ya cherehani aliweza kuinuka. Alikiweka mlangoni, akawa anawasalimu wapita njia, anawauliza wametoka wapi, anawatuma sokoni. Vikombe vitatu vikarudi. Baada ya wiki kama tatu yule mwalimu akaja mwenyewe. Nilimwona kwa mbali nikajua vita imefika, nikajiandaa kuomba msamaha. Akasimama mlangoni. Wakati huohuo Mama akaamua kwenda choo, akashika meza, akainuka polepole, akampita mwalimu kwa salamu na kuondoka na fimbo yake. Mwalimu akamtazama mpaka akakata kona. Akaniambia alikuwa amepita tu kusalimia. Hatukuwa tunajuana hata kidogo.

Mwishowe Mzee wa Viti alikuja kukichukua, na baada ya siku nne bila kiti, siku nne bila chai, akaleta kiti cha mhubiri. Kitambaa chekundu, misumari ya shaba, mgongo mrefu kuliko mlango wangu. Kilikuwa cha kanisa moja la huko chini. Mama alikikataa asubuhi nzima, akisema hawezi kukalia mahali pa mtumishi wa Mungu. Mchana akakaa. Jioni majirani walikuwa wanamwita Askofu naye anaitika. Kabla ya Jumapili mbili kupita wazee wa kanisa wakakifuata kwa hasira, na walikuwa na haki.

Viti vilikuja na kwenda hivyo, sita au saba. Mama alibuni desturi yake. Kiti kikija kuchukuliwa alikifuta kwa kanga yake, miguu yote minne, akakiambia kwa Kikamba kiende salama, kimemshikilia vizuri. Kisha alirudi kwenye ile sofa na kuacha chai, akingoja. Mimi nilikuwa nashona nikilia kwa hasira, sindano inaenda upande.

Kisha vibanda vya kando ya reli vikabomolewa. Tuliamka tukaambiwa tingatinga limepita. Nilipofika pale palikuwa na vipande vya mbao, sponji imelowa matope, na wateja wamesimama kama watu waliofika kwenye mazishi yasiyo na maiti. Mzee wa Viti hakuwepo. Simu yake haikupatikana. Randa yake yenye mpini mweusi ilikuwa imelala kwenye mtaro, na yule muuza viatu aliiokota, akaifuta, akasema angalau safari hii ni yangu. Hakuna aliyecheka.

Ilichukua majuma kadhaa. Mtu akamwona mtaa wa Kawangware, akisukuma mbao kwenye mkokoteni. Tukaenda, watu kama kumi na wawili, muuza viatu mbele na mimi mbele yake. Mama nilimwacha na jirani. Alikuwa amelala kitandani siku nyingi wakati huo, hata kwenye sofa hakutaka tena, na miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Nilikwenda nikiwa na hilo kichwani.

Tulimkuta nyuma ya duka la mahindi, chini ya turubai, amesimama. Nilipoliona lile koti la kijivu neno lilitoka kabla sijalifikiri. Nilisema, kwa sauti yote niliyokuwa nayo, “Mwizi.” Unajua neno hilo Nairobi linafanya nini. Watu waliokuwa wananunua mahindi waliacha mahindi. Wengine ambao hawakumjua kabisa walianza kukaribia, mmoja ameshika jiwe, na sikuona hata alilitoa wapi. Wenzangu nao hawakurudi nyuma.

Yeye hakukimbia. Aliweka msumeno chini, akatutazama mmoja mmoja, kisha akageuka ukutani. Pale ukutani, kwenye misumari mipya, zilikuwa zimetundikwa nyuzi zote. Tingatinga lilipokuja aliacha randa, akaacha mbao, akaacha vanishi na fremu na kila kitu chenye bei, akaondoka na nyuzi. Akaanza kuzishusha. Alizipitisha vidoleni bila kuzitazama, na kila mmoja akaupeleka kwa mwenyewe. Meza ya viatu, akasema, yenye droo upande wa kulia kwa sababu wewe huhesabu kwa kulia. Kabati, la mzee wa kijiji, yeye hakuja. Kitanda cha pacha. Hakukosea hata mmoja. Wengi walikuwa wanaushika uzi wao na kuutazama, hawajui waufanye nini.

Wa Mama aliushika mwisho, akaligusa lile fundo la nne.

“Huyu sasa hainuki,” akasema. “Amelala.”

Sikuwa nimemwambia. Hakuna aliyemwambia. Labda alikisia, mtu mzima anaweza kukisia, ukimwona binti wa mtu amekuja na watu kumi na wawili. Lakini mimi niligeuka nikamwambia yule mwenye jiwe aliweke chini. Hakutaka. Nikasimama kati yao, na nikasema asiguswe, huyu ni fundi wetu. Muuza viatu akaniangalia kama anayemtazama mtu aliyepandwa na wazimu. Alikuwa amekuja na ile randa mfukoni. Akaitoa, akamkabidhi fundi, akasonya.

“Ijumaa,” Mzee wa Viti akaniambia.

“Ijumaa ipi?”

Akafikiri. “Hii inayokuja.”

Jumatatu Mama alizidiwa, tukampeleka hospitali. Ijumaa niliporudi nyumbani mchana kumchukulia nguo, kiti kilikuwa mlangoni. Mzee wa Viti alikuwa amesimama kando yake, jasho limekauka kwenye koti. Alikuwa amekibeba kutoka Kawangware kwa miguu, kichwani. Kilikuwa cha mbao nyekundu, hakina urembo, kimelainishwa mpaka mkono unateleza. Nikamwambia Mama hayupo, yuko wodini. Akasema atarudi. Mama hakurudi. Alikufa wiki iliyofuata, akiwa hajakiona.

Sasa nimlaumu vipi? Alisema Ijumaa hii na akaja Ijumaa hii. Lakini kulikuwa na Ijumaa nyingine ngapi kabla ya hiyo, ambazo Mama angekaa, angekunywa chai yake, angejiinua? Nikiwaza hivyo namchukia mpaka meno yanauma. Halafu nawaza vile viti sita au saba, na vikombe vya chai ambavyo Mama asingekunywa kwa fundi mwingine yeyote mwaminifu, ambaye angetwambia tu ngoja mpaka kiishe. Hapo hesabu inanishinda.

Baada ya kumzika Kitui nilikikalia mara moja. Kilinikataa. Mimi ni mrefu kuliko Mama, magoti yalipanda juu. Lakini niliona kitu: mkono wa kushoto wa kiti uko juu kidogo kuliko wa kulia, na umechongwa mwishoni mahali pa kiganja kushika na kusukuma. Ndilo lililokuwa fundo la nne. Nilikifunika kwa kanga yake, na tangu hapo mtu akija alikaa kwenye sofa.

Ilipita kama mwaka na nusu. Asubuhi moja nikiwa nashona, nikaona kivuli kirefu mlangoni. Alikuwa amezeeka. Koti lilikuwa lilelile, penseli ilikuwa haipo. Nikampa chai, akainywa amesimama. Nikamwambia, keti basi mzee, umetoka mbali, kiti kile pale. Akakitazama chini ya kanga akatikisa kichwa.

“Hicho si kipimo changu.”

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa nyuzi mbili, akazinyoosha pamoja mbele yangu. Mmoja niliujua, wa Mama. Mwingine alisema ni wa mama mmoja wa Kawangware, goti linamsumbua, anavutwa na mjukuu kutoka kitandani. Amelipa deposit. Mafundo ya nyuzi zile mbili yalikuwa yanakutana karibu yote, tofauti ilikuwa upana wa kidole.

“Chake bado sijaanza,” akasema. “Nimekuja kukuomba.”

Nikasimamisha cherehani. Nikamwuliza tangu lini yeye anaomba. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, akasema huomba siku zote, kwani nani angekubali kuachia kiti chake asipoombwa. Nikamkumbuka yule mwalimu wa Kianda amesimama mlangoni kwangu.

“Mwalimu ulimwomba?”

“Alikataa mara mbili. Nikamwambia aende ajionee.”

“Na kiti cha kanisa?”

Akanywa chai. “Cha kanisa sikuomba,” akasema.

Sijui kwa nini ni hilo lililonifanya nimwamini. Au sikumwamini, nilichoka tu. Nilijua kabisa kinachotendeka: kiti cha Mama, kilicholipwa chote, kinaondoka na mtu ambaye ni mara moja tu alikuja siku aliyosema. Pengine hakuna mama wa Kawangware. Pengine yupo. Nilienda nikaondoa kanga. Nikakifuta kiti nayo, miguu yote minne, na nilipofika mguu wa mwisho nikawa siuoni vizuri ule ubao. Nilijaribu kukiambia yale maneno ya Kikamba, nikaishia katikati.

“Mpaka lini?” nikamwuliza.

“Ijumaa.”

Nilicheka. Nilicheka mpaka jirani akachungulia, na machozi yakaendelea kutoka baada ya kicheko kwisha. Kisha nikasimama mlangoni, nikaziba njia.

“Sawa, mzee. Lakini lazima uache deposit.”

Alijipapasa koti, mfuko mmoja, mwingine, wa ndani. Vumbi la mbao likamwagika. Hakuwa na kitu. Akabaki ameshika zile nyuzi mbili. Akazitenganisha polepole. Akauweka uzi wa Mama kwenye kiganja changu, akanifunga vidole juu yake, akainama akakibeba kiti kichwani.

Nimepigilia msumari juu ya cherehani, uzi uko pale. Wateja huuliza ni wa nini, nawaambia ni kipimo cha mtu. Ijumaa zimepita nyingi. Kila ikifika huwa nachemsha chai, nikitazama njia, na sijawahi kumpigia simu.